Wiki Sita za Mkate wa Mama Mkwe

Kabla sijaanza, niseme wazi: mimi sikumpa mtu sumu. Natanguliza hilo kwa sababu hapa Butembo ukichelewa kujisemea, jirani anakuwa ameshakusemea. Jina langu ni Jokébed Kasika, mjane, mwoka mikate wa mtaa wa Kimemi. Tanuri yangu ya matofali imekula kuni za mikaratusi miaka ishirini na miwili na haijawahi kulalamika. Wanaolalamika ni watu.

Mtoto aliyebaki nyumbani kwangu ni Onésime, fundi wa pikipiki. Ni mpole. Upole wake ni wa aina ile ambayo mke akisema ndiyo na mama akisema hapana, yeye anakwenda kukaza boliti. Mwaka juzi alioa msichana wa Mutwanga, kule chini ya Ruwenzori, anaitwa Séphora. Nilimpenda siku ile ile. Alinisalimu, akaona meza ya kukandia unga, akanawa mikono, akaanza kukanda bila kuombwa. Nikasema moyoni, Mungu amenikumbuka.

Kwao Mutwanga chai inanywewa na ndizi au kiazi. Mkate ni wa Krismasi na wa mgeni wa heshima. Kwangu mkate unaliwa asubuhi, unaliwa mchana, na jioni unaliwa uliobaki, na kila siku kuna uliobaki. Basi mkwe wangu akala mkate. Haikupita miezi mitatu tumbo likaanza kumvimba na kumuuma, akawa anaharisha, mikono ikakonda, pembe za midomo zikapasuka. Kilima cha kutoka sokoni alikipanda kwa kupumzika mara nne. Zahanati ya kwanza ikampa dawa ya minyoo. Ya pili ikampa dawa ya amiba. Ya tatu ikampa ya taifodi, kwa sababu hapa kwetu kila mtu ana taifodi mpaka siku atakayokufa kwa kitu kingine.

Na mimi nilifanya nini? Nilifanya anachofanya mama yeyote mwenye tanuri. Nilimwongezea mkate.

“Kula, mutoto yangu, umekonda sana.”

“Mama, nimeshiba.”

“Umeshiba wapi? Ile shibe iko wapi ku mwili?”

Akala. Chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Ukikikataa umesema neno ambalo mdomo hauwezi kulirudisha. Kadiri alivyokonda nilikata vipande vinene zaidi, nikapaka na siagi. Sikujua. Nalisema neno hilo kila siku na bado linanichoma.

Sasa, ukuta kwa ukuta na mimi anakaa Joyeuse, rais wa bamama, yaani akina mama, wa kanisa letu. Mungu alimpa sauti ya kwanza katika kwaya na macho ya kuhesabu sufuria za wenzake. Joyeuse hakunishtaki. Joyeuse huwa hamshtaki mtu, huwa anauliza.

“Mimi siko nasema kitu,” aliwaambia bamama. “Niko nauliza tu. Kwa nini mutu anakulaka kwa mama mukwe yake kila siku, na anazidi kukauka?”

Kwetu sumu ya polepole, ile inayomkausha mtu mwezi hadi mwezi, inaitwa karuho. Neno hilo likishatajwa halihitaji ushahidi, maana ugonjwa wenyewe ndio ushahidi. Kwa miaka kumi na miwili mkate wa Meza ya Bwana ulikuwa unatoka katika tanuri yangu. Jumamosi moja katibu wa kanisa alikuja kuniambia, huku akitazama viatu vyake, kwamba bamama wameona nipumzike kidogo. Jumapili yake tuliletewa mkate wa Joyeuse. Ulikuwa mgumu hata mchungaji akaugonga kwenye ukingo wa meza ndipo ukavunjika. Nilicheka peke yangu kanisa zima, na kicheko hicho hakikunisaidia.

Habari zikafika Mutwanga. Wakaja watu wanane ndani ya pick-up moja kumchukua binti yao. Mbele alikuwa mama yake, mama Nzanzu, mwanamke mwenye heshima zake, na kaka wa huyo mama, mjomba Esdras. Esdras alikuwa mlinzi wa mbuga miaka thelathini. Alistaafu kutoka mbugani, lakini mbuga haikustaafu kutoka kwake. Kiti nilichompa hakukikalia. Alizunguka ua, akachungulia tanuri, akanusa pipa la unga, akaandika katika daftari dogo lenye jalada la plastiki. Niliwawekea chai na mikate miwili ya moto. Hakuna aliyegusa. Sijui kama mnaelewa maana ya mkate mzima kupoa mezani mbele ya watu wanane wenye njaa. Mimi nilielewa, nikaenda kulia nyuma ya kuni.

Séphora akakaa Mutwanga miezi minne. Onésime alikuwa anakwenda kumwona na pikipiki, na kila akirudi ananiletea habari ile ile.

“Mama, tumbo haimuume tena. Anaongeza mwili.”

Nilifurahi kwa sababu nampenda. Na nilikufa, kwa sababu kila kilo aliyoiongeza ilikuwa shahidi dhidi yangu. Mbali na Jokébed, anapona! Hata mimi ningekuwa jirani yangu, ningejihukumu.

Ndipo Onésime alipofanya jambo la kwanza maishani mwake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Alimpeleka mkewe Beni, kwa daktari mmoja kijana, mwanamke, daktari Rébecca. Huyu alisikiliza habari yote, akapima damu akakuta imepungua, akasema huenda si karuho. Kuna ugonjwa, alisema, unaitwa seliaki: ngano yenyewe, hata iwe safi namna gani, inaupa mwili wa mtu sababu ya kuupiga utumbo wake. Damu ya mgonjwa wa namna hiyo inakuwa na askari wa mwili, wanaitwa antikorps, ambao katika damu ya watu wengine hawaonekani. Wakipatikana wengi, karibu umeshajua. Lakini kabla ya kumchoma sindano aliuliza swali moja.

“Anakulaka mukate?”

Aliuliza mbele ya mama Nzanzu, ambaye siku hiyo alivaa kitenge chake kizuri kuliko vyote. Mkate, kwetu, ni kitu cha watu wanaojiweza. Mama mzima atamwambiaje daktari wa mjini kwamba nyumbani kwake mkate unaonekana Krismasi?

“Mukate? Docteur, kwetu mukate hapana kosa ku meza hata siku moja! Anakula kila asubuhi.”

Séphora akatazama chini. Mtoto aliyelelewa vizuri hamfanyi mama yake mwongo mbele ya watu. Onésime alikuwepo pia, na nikimjua mwanangu, alikuwa anatazama dirishani pikipiki ya nani ile.

Damu ikapelekwa Kampala kupitia mpaka wa Kasindi, kwa sababu hapa kipimo hicho hakuna. Baada ya wiki tatu jibu likarudi. Hakuna antikorps.

Wakaja tena nyumbani kwangu, safari hii kwa kikao. Mjomba Esdras alisimama na karatasi mkononi.

“Négatif,” alisoma. “Ngano haina kosa. Donc…”

Ile donc, “kwa hiyo” ya Kifaransa, aliiacha hewani, na watu wote wakanigeukia. Joyeuse, ambaye hakualikwa, akaguna kwa sauti ya kwanza. Mama Nzanzu akasema neno lenyewe: binti yake hatarudi kulala chini ya bati langu. Onésime ahamie Mutwanga akaache kazi na mama, au ndoa ivunjike. Mwanangu alilia kama mtoto, mtu mwenye ndevu. Nikaona vitu viwili vinaniponyoka pamoja, jina langu na nyumba yake, na mwizi wa vyote viwili ni karatasi moja.

Kesho yake nikamwambia Onésime anipakie. Nilikuwa nakwenda Beni kugombana na ile karatasi. Mjomba Esdras aliposikia alisema naye anakuja, ili nisije nikamgeuza daktari kichwa. Basi tulikwenda pikipiki mbili, mimi mbele na yeye nyuma akinilinda kama tembo aliyetoroka.

Daktari Rébecca alitupokea vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima, lakini yeye akawahi kuuliza.

“Mama, mimi mwenyewe ile jibu inanisumbua. Dalili yote inasema ndiyo, damu inasema hapana. Ku Mutwanga alikuwa anakula nini?”

Esdras akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alifungua daftari lake.

“Docteur, niko na yote. Tarehe tatu: ndizi na maharagwe. Tarehe ine: viazi na samaki ya Kyavinyonge. Tarehe tano: bugali ya muhogo na sombe. Tarehe sita…”

“Na mukate?”

“Mukate?” Alishangaa. “Mutoto ametoka kwa huyu mama wa mikate, tumupe tena mukate? Miezi ine hapana gusa hata kipande! Njo maana alipona.”

Daktari alivua miwani yake. Kisha akainamisha paji la uso juu ya meza, akakaa hivyo kidogo. Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama Esdras.

“Papa, ulikuwa mulinzi wa parc. Kama majangili banaacha kuingia mu pori miezi ine, patrouille yenu ya doria inafanya nini?”

“Inarudi ku kambi.”

“Na kama mutu anaingia mu pori kutafuta balinzi?”

“Hapana kuta hata moja.”

“Ile inasema balinzi hawakuwako?”

Nilimwona Esdras anaingia mbugani kwake kichwani, anapita njia zote, anarudi. “Aah,” alisema. “Ngano haikuingia. Donc antikorps bote beko ku kambi.”

“Njo vile. Kipimo kinatafuta askari benye beko kazini. Mutu anapaswa kula ngano kwanza, siku mingi, njo damu iseme kweli.”

Nilitaka kuruka juu ya meza. Kisha daktari akasema kitu kilichonikalisha: Séphora arudi kula mkate, vipande viwili asubuhi na viwili jioni, wiki sita, halafu apimwe tena. Akizidiwa sana, aletwe kabla.

“Mukate ya nani?” Esdras aliuliza haraka.

“Ya ngano.”

“Hapana ya huyu.”

“Nyumba iko na tanuri,” nikasema, “na mukwe yangu akule mukate ya duka? Batu batasema nini?”

Tukaanza kubishana pale pale, mpaka daktari akasema tumuulize mlaji. Esdras akampigia Séphora simu kwa sauti ya kusikika na wote. Nikasikia sauti ya mtoto wangu niliyokuwa sijaisikia miezi minne, akimwita mjomba wake noko kama walivyozoea.

“Noko, nitakula ya mama. Ya duka iko na chumvi mingi.”

Esdras alikubali kwa masharti. Sharti la kwanza, yeye mwenyewe atamleta Séphora Kimemi na kuhamia naye kulinda; kwa dhamana hiyo hata mama Nzanzu alikubali. La pili lilihusu kuonja. Kwetu anayekupa kinywaji anatangulia kuonja, na chupa inafunguliwa mbele ya macho yako. Ni adabu, hakuna anayechukia. Lakini Esdras aliipandisha cheo adabu hiyo. Kila asubuhi aliichagua mikate yeye, kwa fimbo, bila kutabirika: ule, hapana, ule wa nyuma. Ukakatwa mbele yake. Mimi nikala kwanza. Tukangoja robo saa kwa saa yake ya mkononi, yeye akinitazama macho kama ninaanza kuanguka. Nisipoanguka, anakula yeye. Tukangoja robo saa nyingine. Ndipo Séphora anakula. Wiki sita nyumba nzima haikunywa chai ya moto.

Joyeuse alileta kigoda akakiweka penye tundu la ukuta.

Wiki ya kwanza Esdras alikula kama mtu anayekula kwa niaba ya serikali. Wiki ya pili nilimwona ananusa kabla hajatafuna. Siku moja aliliacha daftari mezani, nami nikasoma, kwa sababu nyumba ni yangu. Siku ya tatu aliandika: “Mkate. Hakuna dalili.” Siku ya tisa: “Mkate wa maziwa. Hakuna dalili. Mzuri.” Siku ya kumi na tano: “Ganda la juu linalia likivunjwa. Kuuliza anafanyaje.” Akaanza kusema kipande kimoja hakitoshi kwa usalama, inafaa kufanya kontrevizite, ukaguzi wa pili. Kontrevizite ilifanywa kwa siagi. Mwisho wa wiki ya tatu alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, na halikuwa upande wa kukaza.

Ningecheka zaidi, lakini wiki hiyo hiyo tumbo la Séphora lilirudi.

Lilianza kwa kuvimba. Kisha akawa anashinda njia ya chooni, akirudi ameshika ukuta. Pembe za midomo zikapasuka tena. Na kila asubuhi na kila jioni ananyoosha mkono, anachukua vipande vyake viwili, anatafuna, anameza, ananiambia, “Wasingya, mama,” asante, kama siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nakanda ule unga. Mikono yangu hii. Nilijua sasa kwamba yote niliyomkatia mwaka ule, vile vipande vinene, ile siagi, yalikuwa yanamfanya hivi, naye alikaa akishukuru. Hakuna aliyeniita mchawi kwa uzito kama nilivyojiita mwenyewe wiki hiyo.

Wiki ya tano, Jumanne asubuhi, alitapika kabla ya chai. Akajifuta, akaja mezani, akanyoosha mkono. Nikauvuta mkate.

“Imetosha,” nikamwambia Esdras. “Kamata carnet yako. Andika: Jokébed ni mulozi, amekubali mwenyewe. Sahihi nitaweka. Lakini huyu mutoto hatakula tena mukate mu hii nyumba.”

“Mama Onésime, imebaki siku tisa.”

“Ibaki.”

“Batasema umeogopa jibu.”

“Baseme!”

Joyeuse nyuma ya ukuta akasema, “Ehee!”

Esdras hakuandika. Alivua kofia yake, akaishika kwenye magoti, akanitazama kwa muda mrefu bila kutazama saa. Mimi nikaenda jikoni nikachemsha viazi. Onésime, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, safari hii hakwenda kutazama pikipiki. Alikuja akanimenyea viazi vyote, vibaya sana, nikamwacha.

Basi nikaamini yamekwisha. Jumatano viazi, Alhamisi ndizi. Séphora alikuwa anakula kidogo, anaomba ruhusa kwenda kulala. Alhamisi mchana nilitoka kwenda kutafuta chachu, nikakumbuka nimesahau simu, nikarudi kupitia nyuma. Kwenye rundo la kuni nikamkuta mjomba Esdras amechuchumaa, darubini ya kazi shingoni, filimbi mkononi. Aliponiona macho yakamtoka. Akaiinua filimbi, lakini hakuweza kuipiga, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa mkate.

Nikampita nikafungua ghala.

Nyuma ya magunia ya unga alikuwa amekaa Séphora, na kapu la mikate ya juzi ninayowawekea nguruwe. Alikuwa anatafuna. Machozi yanamtoka mfululizo, na anatafuna.

“Séphora! Unataka kujiua?”

“Mama, hapana nisimamisha. Imebaki siku saba.”

“Unaumia!”

“Naumia tayari. Nikiacha leo, nimeumia bure.” Alimeza kwa shida. “Mwaka muzima nilikula kwako ju ya heshima. Tumbo inauma, nanyamaza. Kama ningesema siku ya kwanza, hakuna mutu angekuita mulozi. Kinywa yangu njo ilikuletea ile jina. Wacha ikutolee.”

Nikakaa kwenye gunia kando yake, nikamvuta kichwa kwenye bega langu, tukalia wote wawili tukawa weupe kwa unga. Esdras alisimama mlangoni.

“Mimi nimeonja kila kipande kwanza,” alisema kwa aibu. “Control ilifanywa.”

Siku saba zile nilimkatia mimi mwenyewe, nikamchagulia mkate laini, nikakaa naye mpaka ameze. Usiku sikulala, mchana sikupika vizuri. Siku ya arobaini na mbili daktari Rébecca akamtoa damu, ikashika njia ya Kasindi, na saa ile ile mkate ukatoka mezani mwa Séphora.

Kikao cha mwisho kilijaa ua. Walirudi wanane wa pick-up, katibu wa kanisa na viatu vyake, Joyeuse na kigoda chake. Esdras alisimama na karatasi. Shati lilikuwa limembana, akasoma kama mtu anayesoma tangazo la uhuru.

“Mutu mwenye hana ugonjwa, namba yake inapaswa kukaa chini ya kumi. Ya Séphora ni…” Alisogeza karatasi mbali na macho. “Mia moja makumi tisa na mbili.”

Katibu aliacha kutazama viatu vyake.

“Patrouille muzima,” akaongeza.

Daktari akaeleza kwa simu: hakuna mtu aliyetia kitu chochote. Ni seliaki. Angependa siku moja Séphora apitishwe kamera ya tumbo Kampala kuthibitisha kabisa, lakini namba kubwa kiasi hiki ikikutana na dalili hizi zote haiachi shaka nyingi. Dawa yake ni kuacha ngano maisha yote, na sufuria na kisu chake visikutane na unga. Mama Nzanzu akainuka. Alikuja mbele yangu, akapiga magoti, mwanamke mwenye umri wangu, akakiri mbele ya wote kwamba nyumbani kwake mkate haukuwepo na kwamba aliona haya kumwambia daktari.

“Ni haya yangu ilikuharibia jina, mama Onésime. Unihurumie.”

Nilimwinua. Ningemkasirikia vipi? Mimi mwenyewe nilimlisha mtoto wake ugonjwa mwaka mzima kwa sababu sikutaka tanuri yangu ionekane na upungufu. Haya yake na kiburi changu vilikuwa ndugu. Walikuwa wameleta kuku wawili na mkungu wa ndizi, tukapokea.

Katibu akakohoa, akasema bamama wanaomba niurudie mkate wa Meza ya Bwana. Nikamwambia nitaurudia, ila pembeni kutakuwa na sahani ndogo yenye kimkate cha muhogo, na atakayeuliza ni cha nani aje aniulize mimi. Akakubali haraka. Joyeuse alikuwa anakunja kigoda chake.

“Mimi nilisemaka tangu mwanzo,” alisema. “Ilikuwa ile mukate.”

Na safari hii alisema kweli. Ndiyo siku mbaya kuliko zote niliyowahi kuwa nayo na huyo mwanamke.

Tukakaa kula. Nilikuwa nimepika viazi vya Lubero, maharagwe na mmoja wa wale kuku, katika sufuria mpya ambazo unga haujawahi kuzisogelea. Nikapakua sahani ya Séphora kwanza, nikamwekea mbele yake. Na mkono wangu, kwa mazoea ya wiki sita, ukachukua kijiko ukaenda kuonja. Watu wote wakangoja. Esdras naye kwa mazoea akainua mkono akatazama saa.

Séphora akaufunika mchuzi kwa kiganja.

“Hapana onja, mama,” alisema. “Niko na njaa.”

Akanitoa kijiko mkononi, kijiko kile kile, akaanza kula. Alikula bila kumtazama mtu yeyote. Mama Nzanzu akaanza kula. Esdras akaivua saa yake, akaitia mfukoni, akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mkate. Mimi nilikuwa nimekaa pale mikono mitupu, nalia waziwazi mbele ya Joyeuse, na kwa mara ya kwanza sikujali ataanza kuuliza nini.